Umbo Lililoitwa Awinja

Jambo ambalo Dakta Patroba Shitanda hakuligundua, ingawa lilitokea juu ya meza yake mwenyewe, ni kwamba Winrose Chepng'etich alikuwa ameacha kulitaja umbo lile kwa jina. Mwanzoni mwa mwaka alisema "Awinja" kwa wepesi, kama mtu anayemtaja jirani: Awinja ana kuta nyingi za pembetatu, Awinja anajikata upande huu. Mvua kubwa zilipoanza, alikuwa akisema "umbo hili", au "kielelezo chetu", au ananyoosha kidole tu. Shitanda alisifika kwa sikio lake, kwani aliweza kusikia ufa katika hoja ya hesabu wakati msemaji angali katikati ya sentensi. Kutoweka kwa neno hilo moja hakukusikia.

Awinja lilikuwa jina la mkewe marehemu.

Shitanda alifundisha jiometri katika chuo kikuu mjini Kakamega, na utaalamu wake ulikuwa maumbo ya vipimo vinne. Wageni walipomwuliza maana yake, alianza na mchemraba. Mchemraba, alisema, umezungukwa na nyuso za mraba. Umbo la vipimo vinne halizungukwi na nyuso bali na vyumba. Kila chumba ni gimba kamili, na kila ukuta wa chumba kimoja ni ukuta wa chumba jirani pia. Umbo likiwa na pembe zote zinazofanana kabisa, kiasi kwamba aliyesimama kwenye pembe moja hawezi kujua kuwa hayuko kwenye nyingine, na vyumba vyake navyo vikawa na sifa hiyo hiyo, huitwa umbo sare. Maumbo sare yaliyotuna kote, yasiyo na sehemu iliyobonyea, yalikwisha kuorodheshwa zamani na orodha ikafungwa. Ila kuna yale yanayojikata yenyewe, ambayo kuta zake hupita ndani ya kuta nyingine. Hayo bado yanaendelea kupatikana, na hakuna ajuaye yataishia wapi.

"Chora nyota ya ncha tano bila kuinua kalamu," alikuwa akiwaambia. "Mistari imekatana pale ndani, sivyo? Lakini pale ilipokatana si pembe. Mstari unapita tu, unaenda zake."

Umbo la vipimo vinne haliwezi kuonekana kwa macho, ila linaweza kujulikana kwa kukatwa. Ukikata ncha ya kiazi, mkato huacha uso bapa. Ukikata pembe ya umbo la vipimo vinne, mkato huacha gimba la kawaida, ambalo mtu anaweza kulijenga na kulishika mkononi. Gimba hilo ndilo umbo la ncha, yaani la pembe ile iliyokatwa; kila uso wake ni mkato wa chumba kimoja kinachoigusa, na kwa wataalamu ndicho kitambulisho cha umbo zima.

Ndiyo sababu Shitanda alikuwa na desturi moja ambayo hata walimu wa chuo cha kilimo cha Bukura waliisikia na kuicheka. Hakuna mwanafunzi wake aliyeruhusiwa kuwasha kompyuta kabla hajalijenga umbo la ncha kwa vijiti vya mwanzi. Kwenye pembe walitia gundi, na mahali vijiti vilipopishana walifunga katani. Alijifunza hilo utotoni, alipokuwa akiunda magari kwa mabua ya mahindi. Gari lisilofungwa pale mabua yanapopishana hulegea na kulala ubavu kabla halijafika barabarani. "Funga penye kukutana," aliwaambia wanafunzi, na rafu ya ofisi yake ilijaa vielelezo vilivyosimama imara, vyote vikiwa na mafundo ya katani yaliyochakaa.

Winrose alikuwa mwanafunzi wake wa uzamifu. Alizaliwa Lugari, katika familia ya wakulima wa mahindi, akaolewa Isecheno na Elvis Makhanu, kijana anayewaongoza watafiti na watalii msituni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono ya uvumilivu. Alipopata umbo ambalo halikuwa katika orodha yoyote waliyoijua, hakupiga kelele. Alikuja ofisini na kielelezo chake cha vijiti, akakiweka mezani, akasema, "Mwalimu, huyu sijamwona popote."

Waliendesha programu siku kadhaa. Programu ilipita kutoka chumba hadi chumba, ikathibitisha kwamba kutoka chumba chochote mtu angeweza kukifikia kingine chochote, na kwamba kila ukuta ulikuwa na vyumba viwili tu. Umbo lilisimama. Waliandika taarifa fupi kwa kundi la watu walio katika nchi mbalimbali ambao hukusanya maumbo ya namna hiyo, na kundi likawapongeza, likaomba data kamili itumwe baada ya utetezi wa tasnifu. Desturi ya kundi hilo ni kwamba aliyepata umbo ndiye hulipa jina.

"Wewe lipe, Mwalimu," Winrose alimwambia.

"Umelipata wewe."

"Wewe ndiye baba wa nyumba hii. Kwetu tungemshika mtoto, tukayataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Akipiga chafya, limemkubali."

Shitanda alicheka. Alijaribu, kwa mzaha, jina la mama yake. Kimya. Akataja la bibi yake aliyemlea. Kimya. Kisha, kwa sauti ambayo hakuikusudia, akasema, "Awinja."

Winrose, aliyekuwa amekipakata kielelezo, akapiga chafya.

"Ni vumbi la katani," Shitanda alisema.

"Mimi ndiye niliyemshika mtoto," Winrose akajibu. "Kwa hiyo ni yeye."

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Khwisero, na figo zilimwondoa kabla hajastaafu. Binti yao wa pekee, Mitchel, anaishi ng'ambo na hana mtoto. Kwa watu wa Awinja, na kwa watu wa Shitanda vilevile, jina la marehemu halistahili kukaa muda mrefu bila wa kuliitikia. Kila kikao cha familia huuliza ni nani ataliitikia, kwa upole au kwa ukali, kulingana na nani amekunywa nini. Kwa hiyo Shitanda aliposimama kwenye ibada ya ukumbusho, mbele ya shemeji zake na majirani waliokuja kula ugali wa obusuma na kuku, akatangaza kwamba jina la Awinja limepewa kitu ambacho hakitakufa, watu walitazamana.

"Liko wapi tulione?" aliuliza mzee mmoja.

"Haliwezi kuonekana, mzee. Lina vipimo vinne."

"Sasa huyu mtu wetu mmemfanya kuwa pembe?"

Watu walicheka. Jescah, dada mdogo wa marehemu, ndiye aliyenyamazisha kicheko. "Mwacheni mulamwa wangu," alisema, kwani shemeji humwita hivyo. "Mimi nimeelewa. Ni kama yeye mwenyewe tu. Yupo, ila hatumwoni." Akafuta macho kwa upindo wa leso, na tangu siku hiyo, kila walipozungumza kwa simu, alimaliza kwa kuuliza, "Na yule mwenzetu wa huko juu hajambo?" Shitanda alijibu kwamba hajambo.

Basi jambo hili moja ndilo lililokuwa mezani wakati siku ya utetezi ilipokaribia: kama umbo lile lingesimama mbele ya mtahini wa nje, Profesa Kipkemboi, jina lingeingia katika orodha na kubaki humo. Winrose angekuwa daktari, ndiyo. Shitanda alilitaja hilo la kwanza kwa kila mtu, lakini alipokuwa peke yake hakulifikiria la kwanza.

Mazoezi yalifanyika Jumatatu ya wiki ya utetezi, katika chumba cha semina cha idara. Walikuwepo Dakta Masinde wa takwimu, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi, na Dakta Dorothy Shiro wa aljebra, aliyekuja na kazi za kusahihisha. Winrose alieleza vizuri. Alisema "umbo hili" tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mimi ni mtu wa takwimu, msinicheke," Masinde alisema maswali yalipofika. "Hapo kwenye ncha. Nikiwa katika chumba kimoja kinachogusa ncha hiyo, nikapita ukutani nikaingia cha pili, halafu cha tatu, bila kuondoka kwenye ncha. Nitavifikia vyumba vyote vinavyoigusa?"

Winrose aliweka chaki chini. Alimtazama Shitanda, akaendelea kumtazama, hata Dorothy akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Programu imethibitisha hilo," Shitanda alisema. "Kutoka chumba chochote unafika chochote."

"Hapo unazunguka umbo zima. Mimi nimeuliza ncha."

"Ni kitu kimoja. Umbo sare ni sare."

"Mzee," Masinde akasema, "leo tunakuhoji wewe au tunamhoji mtoto wa watu?"

Dorothy alicheka, Shitanda naye akacheka, na swali likapita. Winrose aliokota chaki, akaendelea na sehemu iliyofuata kwa sauti iliyoshuka kidogo. Shitanda alidhani ni uchovu. Aliporudi ofisini alimwambia, "Umefanya vizuri. Ulale mapema."

"Asante, Mwalimu," alisema Winrose. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaenda.

Kesho yake alasiri, mvua ikipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba kufundisha hakukuwezekana, Shitanda alikiteremsha kielelezo cha Awinja kutoka rafuni. Profesa Kipkemboi alijulikana kwa kupenda kushika vitu, na ile katani ilikuwa imegeuka nyeusi kwa jasho la mikono. Alikuwa amenunua sokoni uzi mwekundu. Alichukua mkasi, akaanza kukata mafundo ya zamani, akikusudia kufunga mapya baada ya kuyaondoa yote.

Alikata bila haraka, akifikiria mambo mengine. Fundo la mwisho lilipoanguka, alikishika kielelezo kwa pembe moja akakiinua.

Nusu yake iliinuka. Nusu nyingine ilibaki nyuma, ikaning'inia kwenye vijiti vya mwenzake, ikachezacheza.

Shitanda alikirudisha mezani polepole. Aliweka kidole kwenye pembe moja, akakiteleza juu ya kijiti mpaka pembe iliyofuata, kisha kwenye kijiti kingine, akaendelea hivyo hadi akarudi alikoanzia. Alirudia kwa njia nyingine. Kidole kilizunguka pembe zile zile. Nusu ya pembe za kielelezo hakikuzigusa kamwe. Zamani, alipofanya hivyo mbele ya wanafunzi, kidole kilifika penye katani na kuvuka upande wa pili bila yeye kujua, maana fundo lilionekana kama kiungo. Halikuwa kiungo. Vijiti vilipishana tu, kama mistari ya nyota ile aliyowachorea wageni. Magimba mawili yalikuwa yamepenyana, yameshikana kama pete mbili za mnyororo, na hayakuwa na uhusiano wowote zaidi ya kukaa mahali pamoja.

Hakuhitaji kitabu kumwambia maana yake. Umbo ambalo kila pembe yake ni pembe mbili zilizojificha katika nukta moja ni umbo lililopasuka. Wataalamu huyafahamu maumbo ya namna hiyo, na hawayahesabu. Programu ilisema kweli kwamba kutoka chumba chochote unafika chochote; ilikuwa ikifika kwa kuzunguka mbali, kupitia pembe nyingine. Mtu aliyekaa kwenye ncha moja asingeweza kuvuka. Masinde aliuliza swali sahihi, na yeye Shitanda ndiye aliyelizima.

Mvua ilipungua. Korido ilianza kujaa sauti za wanafunzi. Shitanda alikaa akiutazama uzi mwekundu, na alichokifanya baada ya hapo alikifanya kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefunga jeraha: alivipanga vijiti kama vilivyokuwa, akafunga penye kukutana, kila mahali, kwa uzi mpya. Alipokiinua tena, kielelezo kilisimama imara kuliko mwanzo, na kilipendeza.

Usingizi ulimjia kwa shida. Jumatano alimpigia Winrose simu kumwambia kwamba anapita Isecheno, kisha akakiweka kielelezo kwenye kiti cha nyuma cha gari lake na kuendesha kuelekea msituni. Njiani alijiuliza anakwenda kusema nini, na hakupata jibu lililo wazi.

Nyumba ya Winrose iko pembeni mwa msitu, mahali ambapo mbega huja hadi kwenye ua kuiba mahindi. Alimkuta kibarazani akichambua mrenda, sinia likiwa mapajani. Elvis alikuwa ametoka na watafiti wa vipepeo.

"Karibu, Mwalimu. Keti hapa, pale panavuja."

Shitanda aliketi. Aliweka kielelezo sakafuni kati yao. Winrose alikitazama, na mikono yake ikasimama juu ya mboga.

"Umebadilisha uzi," alisema.

"Nimebadilisha."

"Basi wa zamani uliukata."

"Niliukata."

Ndege mmoja alipiga kelele ndani ya msitu, kelele ya kukereketa, na mwingine akamjibu. Winrose aliliweka sinia kando.

"Umejua tangu lini?" Shitanda aliuliza.

"Tangu Pasaka. Nilitaka kujenga kingine cha kukaa hapa nyumbani. Katani ikaniishia, nikasema nitafunga kesho. Asubuhi nikakiinua."

"Tangu Pasaka. Na hukuniambia."

"Nilikuja kukuambia, Mwalimu. Nilikuja siku hiyo hiyo chuo kilipofunguliwa. Ulikuwa umetoka Khwisero. Ulinionyesha picha kwenye simu, maua mliyopanda kaburini, ukaniambia maneno ya shemeji yako, kwamba yupo ila hatumwoni. Ulikuwa na furaha. Tangu Mama Mitchel afariki sikuwa nimekuona na furaha ya namna ile. Nikarudi na maneno yangu mdomoni."

"Na siku nyingine? Siku zote hizo?"

"Siku nyingine Dakta Masinde aliuliza," Winrose alisema. "Nikakutazama. Ukajibu wewe."

Shitanda alihisi hasira ikimpanda, na alijua kwamba haikuwa na haki yoyote, lakini ilipanda. "Kwa hiyo ungesimama Ijumaa mbele ya Kipkemboi, ukatetea kitu unachojua kimepasuka?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, Mwalimu. Nimejiuliza hata nikachoka. Kwetu hakuna mtu anayerudi kumwambia mtoto kwamba hakupiga chafya." Aliokota jani lililodondoka, akalirudisha kwenye sinia. "Na ile chafya ilikuwa yangu. Haikuwa ya vumbi. Niliona uso wako ulipolitaja lile jina, nikaona afadhali nilipokee. Kwa hiyo nilikuwa nimeshakupa mwenyewe. Nitakunyang'anyaje?"

Shitanda aliinama, akaugusa uzi mwekundu.

"Nilikuwa nangoja uniulize," Winrose aliendelea. "Mara moja tu. Winrose, wewe unaonaje? Ningesema palepale. Lakini wewe huniulizi hivyo. Unaniulizanga kama nimemaliza."

Alilia kidogo, bila kujificha, kisha akajifuta kwa kiganja chenye rangi ya kijani ya mboga. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa kwenye ule uzi mwekundu.

"Na wewe, Mwalimu? Ulipoukata wa zamani, uliona. Ulifunga tena kwa nini?"

Hilo swali Shitanda alikuwa ameendesha gari hadi Isecheno akilikwepa. Alijaribu kuanza sentensi moja, akaiacha. Alijaribu nyingine, iliyohusu uangalifu na kutokurupuka, akaisikia ilivyo tupu kabla haijafika katikati.

"Nilikuja kuona kama unajua," alisema mwishowe.

"Na kama ningekuwa sijui?"

Aliutazama msitu. Ungamo lilikuwa fupi, na lilimgharimu kuliko maneno yote aliyowahi kuyasema mbele ya mwanafunzi. "Sijui ningefanya nini."

Winrose aliitikia kwa kichwa taratibu, bila kumlaumu, kama mtu anayepokea habari aliyoitarajia. Kisha akachukua kisu kilichokuwa kwenye sinia, akakipangusa kwa khanga yake, akamwelekezea mpini.

"Wewe ndiye uliyefunga," alisema.

Shitanda alikata. Nyuzi zilidondoka sakafuni moja moja. Alipomaliza, alivishika vipande viwili, akavizungusha huku na huku akitafuta namna ya kuvitenganisha bila kuvunja, lakini vilikuwa vimepenyana mno, na kijiti kimoja kikavunjika mkononi mwake. Alitoa sauti ndogo. Winrose alitazama kando ili asimwone.

Jioni hiyo waliandika pamoja taarifa mbili, moja kwa idara na nyingine kwa lile kundi la ng'ambo. Winrose ndiye aliyesoma kwa sauti na Shitanda ndiye aliyeandika, na mahali alipotaka kuweka "makosa madogo ya kimbinu", Winrose alisema, "Hapana, si madogo," naye akafuta. Utetezi uliahirishwa. Profesa Kipkemboi alijibu kwa adabu kwamba angekuja watakapokuwa tayari. Kundi lilishukuru, likaliingiza umbo katika fungu la yaliyopasuka, ambayo hayahesabiwi, na kulifuta jina. Masinde alikuja ofisini, akakaa, akatazama rafu iliyojaa mafundo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na mzaha.

"Vyote hivi itabidi vikatwe," alisema.

"Vyote."

"Nitakusaidia."

Walikata siku mbili. Vingi vilibaki vizima. Viwili havikubaki, na hivyo vilikuwa vya wanafunzi waliokwisha kupata shahada zao na kuondoka. Shitanda aliwaandikia hao pia. Mmoja alijibu kwa ukali, mwingine hajajibu hadi leo.

Jumapili alikwenda Khwisero. Angeweza kupiga simu, lakini aliona kwamba jambo alilolitangaza akiwa amesimama mbele ya watu hastahili kuliondoa akiwa ameketi peke yake. Jescah alimpikia chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, akimkatiza mara moja tu kuuliza kama yule msichana wa Lugari yu mzima.

"Yu mzima. Atachelewa kumaliza, lakini yu mzima."

"Na huyu wetu? Kwa hivyo hayuko tena huko juu?"

"Hakuwahi kuwa huko, mulamwa. Nilikosea."

Jescah alizungusha kikombe juu ya meza. Nje, watu waliotoka kanisani walikuwa wakipita, wakisalimiana kwa sauti.

"Basi tumemzika mara ya pili," alisema.

"Nisamehe."

"Sikukasirikii. Ila mara hii hakuna hata watu wa kuja kukaa na sisi." Alimimina chai zaidi katika kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa nusu, hata ikafurika na kumwagika kwenye kitambaa cha meza. Wote wawili waliitazama ikienea. Hakuna aliyeinuka kuipangusa. Shitanda alikaa naye hadi alasiri.

Winrose alitetea tasnifu yake mwaka uliofuata. Haikuwa na umbo jipya. Ilihusu namna ya kuijaribu kila ncha peke yake, ili umbo lililopasuka lijulikane kabla halijatangazwa. Profesa Kipkemboi alimwuliza maswali mengi, naye akayajibu yote mwenyewe.

Vielelezo vya vijiti bado hujengwa katika idara, lakini havifungwi uzi penye kupishana, na kwa sababu hiyo vingi hulegea. Wanafunzi wanapofanya mazoezi ya utetezi, Dakta Shitanda hukaa nje kwenye benchi la korido, na huitwa ndani maswali yakiisha.